Waridi Jekundu Kwenye Picha ya Kijivu: Nani Aliamua Tuangalie Hapo?

Kuna picha moja ambayo karibu kila Mkenya ameiona. Bibi harusi amesimama, bwana harusi yuko kando yake, wasimamizi wamejipanga, gari liko nyuma, na kila kitu ni kijivu. Halafu katikati ya ukijivu huo wote, waridi jekundu linawaka kama taa ya matatu usiku. Kama hujaiona kwa albamu ya shangazi yako, basi umeiona kwa ukuta wa studio ya mtaani, kwa kalenda ya duka, au kwa kadi ya Valentine iliyokuwa inauzwa stejini.

Wapiga picha wa rika langu wanaicheka sana. Kwao huo ni ushamba, ni mambo ya 2009, ni kitu cha kuficha ukienda kutafuta kazi. Mimi naishi kwa kuhariri picha: harusi, ruracio, gradyueshoni, na kwa bahati mbaya mazishi pia. Kwa hivyo hili jambo linanigusa mfukoni. Na msimamo wangu ni huu: mbinu ya kuacha rangi moja kwenye picha ya nyeusi na nyeupe si ushamba. Ni kati ya mbinu za zamani zaidi kwenye historia ya picha, na imewahi kubeba mambo mazito kuliko keki ya harusi. Shida yetu ni kwamba tumerithi mbinu bila kurithi swali lake. Swali lenyewe ni hili: nani anaamua rangi ikae wapi, na anajuaje?

Twende polepole.

Ilianza na mashavu

Upigaji picha ulitangazwa rasmi kwa dunia mwaka 1839 huko Paris, picha zikiwa zinapigwa kwa bamba la shaba lililopakwa fedha. Watu walishangaa, lakini hawakukaa sana kabla ya kulalamika. Sura iko sawa, jamani, lakini mbona mtu anakaa kama maiti? Rangi iko wapi?

Jibu lilikuja haraka. Mchoraji mmoja wa Uswisi, Johann Baptist Isenring, alianza kupaka rangi kwenye hayo mabamba muda mfupi tu baada ya 1839. Alichanganya unga wa rangi na gundi ya miti ya jamii ya mgunga, akaunyunyiza kwa uangalifu, kisha akaipasha bamba moto kidogo ili rangi ishike. Gundi hiyo ndiyo ile ile ambayo hadi leo jamaa zetu wa kaskazini mwa Kenya wanaiokota na kuiuza.

Sasa angalia walipaka wapi. Hawakupaka picha nzima. Walipaka mashavu yakawa na waridi kidogo, wakagusa midomo, wakaweka dhahabu kwenye pete na mkufu. Basi. Koti likabaki kijivu, kiti kikabaki kijivu, ukuta ukabaki kijivu. Sababu moja ilikuwa kazi: kila mguso ulikuwa ni mkono, brashi na muda. Sababu ya pili ni ile ninayotaka uishike: walipaka pale ambapo mteja alitaka kuonekana. Shavu lenye damu linasema huyu mtu ni mzima. Pete ya dhahabu inasema huyu mtu anajiweza. Kabla filamu ya rangi haijazaliwa, tayari rangi ilikuwa inafanya kazi ya kuzungumza.

Miaka ya 1860, Felice Beato, mpiga picha aliyezaliwa Italia, alikuwa na studio Yokohama, Japani, na picha zake zikipakwa rangi za maji kwa mkono. Wajapani waliokuwa na ujuzi wa michoro ndio waliokaa chini na kupaka kimono moja baada ya nyingine. Biashara hiyo ilikua sana, na wateja wakubwa walikuwa wageni waliotaka kurudi kwao na kumbukumbu. Hapo rangi ilianza kufanya kazi nyingine. Ilimwambia mgeni Japani inafaa kuonekana vipi.

Hata Mombasa ilipakwa rangi na wageni

Usidhani hiyo ni hadithi ya mbali. Mwanzo wa karne ya 20, kadi nyingi za posta zenye picha za Mombasa na Zanzibar zilichapwa Ulaya, hasa Ujerumani. Picha ilipigwa huku ikiwa nyeusi na nyeupe, ikasafiri kwa meli, na rangi ikawekwa kule kiwandani. Bahari ikapewa buluu, minazi ikapewa kijani, na kanzu na leso zikapewa rangi ambayo fundi wa kule aliona inapendeza.

Ukiziona kadi hizo leo, jiulize kabla ya kusema "kumbe bibi zetu walivaa hivi." Muundo wa nguo ni ushahidi, kwa sababu kamera iliuona. Rangi ni maoni ya mtu mwingine. Nani alimuuliza huyo mama wa Mji wa Kale leso yake ilikuwa rangi gani?

Na pwani yetu pia ilikuwa na watu walioshika picha na kuipeleka walipotaka wenyewe. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefungua studio yake miaka ya 1960, anajulikana kwa picha zake za kukata na kuunganisha: sura ya mtu inatokea ndani ya ua, ndani ya tunda, mahali ambapo kamera haikuwahi kuiona. Mkasi, gundi na akili. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba kuchezea picha kulianza na kompyuta, mpeleke Lamu kwanza.

Bendera ya sekunde chache

Filamu za sinema nazo zilipitia njia hiyo hiyo. Paris kulikuwa na karakana ya mama mmoja, Elisabeth Thuillier, iliyopaka rangi filamu za Georges Méliès kwa mkono. Kwa maelezo yake mwenyewe aliajiri wanawake zaidi ya 200, kila mmoja akishughulikia rangi moja. Hebu piga hesabu. Filamu ikipita picha 16 kwa sekunde, dakika moja peke yake ni picha 960, na kila picha ni ndogo kuliko stempu. Safari ya mwezini ya Méliès ya 1902 ilipakwa hivyo. Nakala moja ya rangi ilipatikana Uhispania mwaka 1993 ikiwa imeharibika vibaya, ikakarabatiwa, na mwaka 2011 ikaonyeshwa Cannes. Méliès tunamjua. Hao akina mama 200 hatujui hata majina yao.

Lakini mtu aliyegeuza rangi moja kuwa siasa ni Mrusi, Sergei Eisenstein. Filamu yake *Battleship Potemkin* ilionyeshwa mara ya kwanza Moscow, katika ukumbi wa Bolshoi, Desemba 1925. Inahusu mabaharia walioasi mwaka 1905 kwa sababu, pamoja na mengine, walipewa nyama yenye mabuu wale. Wanapoteka meli, wanapandisha bendera. Bendera hiyo lazima iwe nyekundu, si ni mapinduzi?

Tatizo likawa hili. Filamu za wakati huo hazikuona wekundu. Ziliona buluu na kijani vizuri, lakini kitu chekundu kilitokea cheusi. Ukipiga bendera nyekundu, kwenye skrini unapata bendera nyeusi, na hiyo ni siasa nyingine kabisa. Eisenstein akafanya ujanja: akapiga bendera nyeupe, kisha ikapakwa wekundu kwa mkono, picha moja moja. Idadi inayotajwa sana ni picha 108. Hizo ni sekunde chache tu. Filamu nzima kijivu, halafu ghafla wekundu unapanda mlingotini. Waliokuwa ukumbini walishangilia.

Elewa kilichotokea pale. Bendera waliyoiona ikiwa nyekundu ilikuwa nyeupe mbele ya kamera. Rangi haikutoka kwenye ukweli wa ile siku ya kupiga picha, ilitoka kwenye hoja ya mtengenezaji. Na hakuna aliyedanganywa, kwa sababu kila mtu alijua mapinduzi hayo yalikuwa na bendera ya rangi gani. Hiyo ndiyo tofauti ambayo nitairudia mbele.

Rangi ikaja, kijivu kikawa uamuzi

Mwaka 1907 ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, walianza kuuza mabamba ya picha za rangi. Mwaka 1935 Kodak wakaleta Kodachrome. Taratibu, picha ya rangi ikawa ndiyo kawaida.

Hapa historia inageuka juu chini, na wengi hawaoni. Zamani kijivu kilikuwa lazima na rangi ilikuwa nyongeza. Sasa rangi iko bure, na kijivu ndicho unachokichagua. Fundi wa zamani *aliongeza* rangi kwenye shavu. Mhariri wa leo *anaondoa* rangi kila mahali isipokuwa kwenye ua. Kwa macho picha zinafanana, lakini kazi ni kinyume. Yule wa kwanza anasema, "hapa pana uhai." Wa pili anasema, "hapo kwingine kote usipaangalie."

Kuondoa ni uamuzi mzito kuliko kuongeza. Unanyamazisha vitu vyote ili kimoja kiongee.

Francis Ford Coppola alilielewa hilo mwaka 1983 kwenye *Rumble Fish*. Karibu filamu yote ni nyeusi na nyeupe, lakini samaki wa kupigana walio kwenye duka la wanyama wana rangi. Mhusika mmoja mkuu, kaka mtu anayeogopwa mtaani, haoni rangi kabisa. Kwa hivyo ukijivu ule si urembo. Unaona mtaa ule jinsi yeye anavyouona, na samaki wanapita huo ukuta.

Koti la mtoto

Halafu kuna ile ambayo kila mtu huitaja. *Schindler's List*, ya Steven Spielberg, 1993. Ni zaidi ya saa tatu za nyeusi na nyeupe kuhusu mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, na mfanyabiashara Oskar Schindler aliyeokoa zaidi ya watu 1,000. Machi 1943, Wanazi wanafagia geto la Kraków nchini Poland. Schindler yuko juu ya kilima, amepanda farasi, anaangalia. Chini huko ni fujo: risasi, mbwa, mizigo inarushwa kutoka madirishani. Katikati ya fujo anapita mtoto mdogo wa kike peke yake, na koti lake ni jekundu.

Ukimwona huwezi kumwacha. Macho yako yanamfuata kona hadi kona, kama ya Schindler. Baadaye kwenye filamu, koti lile linaonekana tena, safari hii kwenye mkokoteni wa maiti.

Spielberg amewahi kueleza alichotaka. Wakubwa wa dunia walijua kinachoendelea. Kilikuwa wazi kama mtoto mwenye koti jekundu anayetembea barabarani, na bado hawakufanya lolote la maana kukizuia. Kwa hivyo koti halikuwekwa hapo ili tulie tu. Ni shtaka: mliona.

Linganisha na waridi letu la harusi. Mbinu ni moja, rangi ni moja, lakini koti linakuuliza kitu na waridi halikuulizi chochote. Linasema tu, "mimi ni waridi." Tulijua. Hapo ndipo wanaocheka wana haki kidogo, na nitawapa haki yao.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1998, Gary Ross akatoa *Pleasantville*. Vijana wawili wanaingia ndani ya kipindi cha televisheni cha miaka ya 1950, mji ambao kila kitu ni kijivu na kila mtu ana adabu. Kidogo kidogo watu wakianza kufikiri na kuhisi wenyewe, wanapata rangi, mmoja mmoja. Na wale waliobaki kijivu wanafanya nini? Wanaanza kuweka vibao madukani kuwazuia wenye rangi. Kiswahili kinaingia hapa bila kubisha hodi, kwa sababu kitendo cha kuchagua rangi moja na kuacha nyingine tunaweza kukiita ubaguzi wa rangi, na ndicho hasa filamu inachozungumzia. Kimtambo, hiyo filamu ilipigwa kwa rangi yote, kisha rangi ikaondolewa kwa kompyuta kwenye vipande zaidi ya 1,000. Hapo kompyuta imeshaingia mchezoni.

Kazi ya siku nzima ikawa kugusa mara moja

Kuna jambo moja linalonifurahisha. Photoshop ilianza kama programu ya kuonyesha kijivu. Mwaka 1987 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Thomas Knoll, aliandika programu ndogo ili kompyuta yake, ambayo skrini yake iliweza nyeusi na nyeupe tu, ionyeshe picha zenye viwango vya kijivu. Kaka yake John, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya madoido ya sinema, akaona hiyo kitu ni pesa. Februari 1990 Photoshop ikatoka. Mwaka 1994 ikapata matabaka, yaani unaweza kuweka picha juu ya picha kama karatasi za kuona ndani.

Tangu hapo, kazi ya akina mama wa Paris inafanywa na mtu mmoja. Unaweka picha ya rangi chini, nakala ya kijivu juu, halafu unatoboa tundu kwenye ile ya juu kwa kutumia barakoa. Ndiyo, barakoa, kama ya Korona: panapofunikwa hapaonekani. Ukipaka nyeusi kwenye barakoa, kijivu kinapotea na rangi ya chini inachungulia. Ukikosea ukingo, unapaka nyeupe, tundu linazibika. Waridi zuri lenye kingo safi lilikuwa kazi ya nusu saa au zaidi kwa panya ya kompyuta, na mkono ukitetemeka, wekundu unamwagikia kidole cha bibi harusi.

Miaka ya 2000 kamera ndogo za dijitali zikaja na mtindo wa kufanya hivyo zenyewe: unachagua rangi moja kabla ya kupiga, nyingine zote zinazimwa. Halafu simu. Mwaka 2018 Google ikatangaza kipengele ambacho programu yenyewe inatambua nani ndiye mhusika, inamwachia rangi, na inageuza kila kitu nyuma yake kuwa kijivu.

Isenring alitumia brashi. Eisenstein alihitaji picha 108. Leo unagusa mara moja ukiwa kwa foleni ya M-Pesa. Na kitu kikiwa rahisi hivyo, kila mtu anakifanya, na kila mtu akikifanya, hakisemi tena kitu. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kweli ya dharau. Waridi halikuwa baya tangu mwanzo. Lilirudiwa hadi likaisha maneno.

Lakini kuna jambo zito zaidi kuliko dharau. Tazama nani anaamua sasa. Kwanza alikuwa fundi, akaja mwongozaji wa filamu, akaja mhariri. Sasa ni programu ndiyo inayosema nani kwenye picha ni mtu mkuu na nani ni mandhari. Ukiwa kwenye picha ya familia na umesimama pembeni, wewe ni kijivu. Hakuna aliyekuuliza.

Kijivu hakikumbuki

Hebu nikupe hesabu kidogo, si ngumu. Kila nukta ya picha ya dijitali ina namba tatu: wekundu, ukijani na ubuluu, kila moja kutoka 0 hadi 255. Kupata kijivu, njia moja ya kawaida ni kuchukua takriban asilimia 30 ya wekundu, asilimia 59 ya ukijani na asilimia 11 ya ubuluu, kisha kujumlisha. Kijani kinapewa sehemu kubwa kwa sababu macho yetu yanakiona kama kinang'aa zaidi.

Chukua wekundu mtupu, 255. Asilimia 30 yake ni kama 76. Sasa chukua kijani cha wastani, 130. Asilimia 59 yake ni kama 76 pia. Umeona? Nguo nyekundu kabisa na nguo ya kijani zinaweza kutoa kijivu kile kile. Ukishageuza na kutupa picha ya awali, hakuna mtaalamu, hakuna programu, hakuna akili bandia itakayokuambia ilikuwa ipi. Inaweza kukisia. Kukisia si kujua.

Kwa picha ya harusi ya Jumamosi iliyopita hakuna neno, faili ya rangi iko kwa laptop yangu. Kwa picha ya zamani, iliyopigwa nyeusi na nyeupe tangu mwanzo, rangi haikuwahi kuwepo kwenye picha. Ilikuwepo kwa macho ya waliokuwa pale, na wengi wao wameshaenda.

Niliishi na jambo hili siku tatu mwaka jana. Mama mmoja aliniletea picha ya mamake aliyekuwa amefariki wiki hiyo, mzee wa miaka themanini na kitu. Picha ilipigwa studio akiwa msichana, amejifunga leso, amesimama kando ya meza yenye redio. Picha nzuri kuliko nyingi ninazopiga mimi. Mama akaniambia, "Kijana wangu, iweke kwa jalada la programu ya mazishi. Yote iache hivyo, lakini leso ya mama iwe nyekundu."

Kabla sijaanza, kaka yake akanipigia simu. Leso ilikuwa ya kijani, akasema, na yeye ndiye kifungua mimba, yeye ndiye anayejua. Kufika jioni kikundi cha familia cha WhatsApp kilikuwa kimegawanyika, na hapo hatukuwa tunaongea tena juu ya leso. Mambo ya nani alimtunza mama, nani alikuwa Nairobi akila bata, nani alijua mama alipenda nini, yote yalitoka. Watu walikuwa na uchungu, na uchungu ulitafuta mahali pa kukaa, ukakaa kwenye nguo ya kijivu.

Nikamwambia yule mama kwa heshima, "Mama, kwa picha hii siwezi kujua. Kuna yeyote aliyekuwa hai siku ile?" Kulikuwa na mdogo wa marehemu, ambaye walimwita mama mdogo, yuko kijijini. Akapigiwa. Akacheka kwanza, wakaniambia, cheko la mtu aliyelia sana. Akasema leso ile haikuwa ya dada yake. Ilikuwa ya studio. Kila msichana aliyeenda kupigwa picha bila nguo nzuri alifungwa ile ile. Na redio pia ilikuwa ya studio. Rangi yenyewe hakuikumbuka. Alichokumbuka ni kwamba dada yake alienda na senti alizoweka mwenyewe kwa kuuza maembe, na hakumwambia baba.

Jalada lilichapwa kijivu, lote. Na habari ya maembe ikaingia kwenye wasifu uliosomwa siku ya mazishi. Ningepaka wekundu, kila mtu angeangalia leso ya kuazima, na wajukuu wangekua wakijua bibi alikuwa na leso nyekundu.

Pale rangi inapoumiza

Kwa familia moja ni ugomvi wa wiki. Kwa taifa ni kidonda. Phnom Penh, Kambodia, kati ya 1975 na 1979, utawala wa Khmer Rouge ulikuwa na gereza linaloitwa S-21, kwenye shule ya Tuol Sleng. Maelfu waliingia, wachache mno walitoka hai. Kila mfungwa alipigwa picha akiingia, na picha hizo za nyeusi na nyeupe zimebaki kama ushahidi. Aprili 2021 jarida la mtandaoni la Vice lilichapisha baadhi yake zikiwa zimetiwa rangi na msanii. Watu wakazilinganisha na za awali, wakakuta baadhi ya nyuso zimewekwa tabasamu. Wizara ya Utamaduni ya Kambodia ilikemea, jamaa za waliouawa wakapaza sauti, na Vice wakaiondoa makala.

Utasema tabasamu ndilo kosa, rangi haina shida. Mimi naona ni barabara moja. Ukishazoea kujaza usichokijua kwenye picha ya marehemu, kuanzia shavu hadi leso, mkono hausikii tena breki. Eisenstein alipaka bendera ambayo kila mtu alijua rangi yake. Hawa walipaka nyuso ambazo wenyewe hawawezi kusema chochote.

Kwa hivyo, niache au nisiache?

Sijasema tuitupe mbinu hii. Bibi harusi akitaka waridi lake jekundu, nitampa, tena kwa kingo safi. Ni siku yake, ni pesa yake, na waridi lilikuwa jekundu kweli, faili inathibitisha. Mwenye kumcheka aendelee kucheka. Hata wale wa mabamba ya shaba walilipia pete zao zing'ae.

Ninachofanya siku hizi ni kujiuliza maswali matatu kabla ya kugusa kitu. Kwanza, rangi hii naijua au naikisia? Kama nakisia, picha ni ya mtu asiyeweza kunirekebisha, naiacha kijivu au naandika chini yake wazi kwamba rangi ni ya kubuni. Pili, ninachokinyamazisha ni nini? Nikiacha gauni la bibi harusi na kuzima wengine wote, mamake aliyesimama nyuma na leso aliyoitunza miaka kumi kwa siku hiyo nimemzima pia. Tatu, rangi hii inauliza kitu au inapiga kelele tu?

Nakala ya awali usiitupe kamwe. Iweke kwa diski, iweke kwa barua pepe, iweke kwa flashi ya binamu yako. Rangi ulioiondoa leo ukiwa na haraka ndiyo ambayo mjukuu wa mtu ataitafuta baada ya miaka hamsini.

Na ukienda nyumbani Desemba, chukua zile picha za zamani zilizo kwenye sanduku la biskuti, ukae na wazee. Usianze na programu ya kutia rangi. Anza na kuuliza: hii nguo ilikuwa ya nani, ilikuwa rangi gani, siku hiyo mlikula nini? Andika majibu nyuma ya picha kwa penseli, taratibu usiikwaruze. Wao ndio faili ya rangi tuliyobaki nayo, na hiyo faili haina nakala.